Kurudi Mtandaoni na Picha za Mandhari na Kubaki: Mwongozo Kamili kutoka Pwani ya Tanga

Wapiga picha wa hapa Tanga wananiandikia jambo lile lile. Mtu aliacha kuposti picha za mandhari kwa mwaka au zaidi, hamu ikarudi, akaingia kwa kishindo, na kabla mwezi haujaisha akawa kimya tena. Wengi wanalaumu simu, au mtandao unaoficha picha zao. Nikipitia kurasa zao naona kitu kingine: picha 40 za zamani zimemwagwa ndani ya siku mbili, za Pangani zimechanganywa na za Lushoto na za harusi ya binamu, chini yake hakuna maelezo, na wiki ya pili hakuna cha kuposti kwa sababu ghala limekwisha.

Mwongozo huu ni wa kurudi taratibu na kubaki. Zitapita wiki 5 au 6 kabla mtu yeyote hajaona picha yako mpya. Usiufupishe muda huo, maana ndio unaobeba yote yanayofuata.

Mifano nimeitoa pwani ya Tanga kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa miguu. Ukiwa Bagamoyo au Kilwa, hatua ni zile zile. Badilisha majina ya mahali.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Simu au kamera uliyonayo. Usinunue mpya kwa ajili ya kurudi. Simu yoyote inayokuruhusu kufunga fokasi na kupunguza mwanga kwa kidole inatosha.
- Vitambaa viwili laini vya lenzi. Upepo wa bahari unaleta chumvi. Kimoja cha kufutia, kingine kikavu cha kumalizia.
- Stendi ndogo ambayo miguu yake unaweza kuiosha kwa maji baridi ukifika nyumbani. Usipoiosha, chumvi itaila skrubu moja moja.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa la Tanga, la karatasi au la kwenye simu.
- Daftari la karatasi na kalamu. Nitalirudia mara nyingi.
- Diski ya nje, au kompyuta ya mtu unayemwamini.
- Programu moja ya kuhariri. Snapseed ni ya bure. Lightroom ya simu ina sehemu ya bure inayotosha. Chagua moja uizoee.
- Viatu vya plastiki vinavyofungwa kisigino. Ndala hubaki kwenye tope la mikoko na wewe ukaendelea bila hizo.

## Hatua ya 1: Andika nia yako kwa sentensi moja

Kabla ya kugusa akaunti yako, fungua daftari uandike sentensi moja yenye vitu vitatu: mahali, jambo unaloonyesha, na mtu unayemwonyesha. Hii ni mifano:

"Naonyesha mikoko ya Sahare maji yakijaa na yakipwa, kwa watoto wa mjini ambao hawajawahi kukanyaga tope lake."

"Naonyesha mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe katika misimu yote, kwa watu wa Tanga waliohamia Dar es Salaam na ng'ambo."

"Naonyesha barabara ya kupanda Lushoto kutoka Mombo, kona baada ya kona, kwa mtu anayewaza kwenda lakini hajaanza safari."

Sentensi ya namna hii inakufanyia kazi mbili. Kwanza inakukatalia. Ukiwa na picha nzuri sana ya machweo ya Zanzibar, sentensi inakwambia haimo, na unaiacha bila kujadiliana na nafsi. Pili, siku ambayo hamu haipo, inakwambia uende wapi. Mtu anayeamka saa 11 alfajiri akijua anakwenda kutafuta jambo fulani huondoka nyumbani. Anayeamka "akapige picha" hugeuka upande wa pili akalala.

Tahadhari. "Nataka wafuasi elfu kumi" haifai kuwa nia, kwa kuwa utekelezaji wake uko mikononi mwa watu wengine. "Naonyesha uzuri wa Tanzania" nayo haifai, kwa sababu haikatai kitu chochote.

Utajua umefaulu ukimsomea mtu asiyejua kamera, tuseme jirani au shangazi, naye akaweza kukutajia picha moja anayotarajia kuiona. Akikuuliza "wapi hasa?" au "ya nini?", rudi kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Panga ghala la zamani

Hamisha picha zako zote za zamani kutoka kwenye simu na memori kadi. Ziwe na nakala tatu, katika vifaa viwili tofauti, na nakala moja ilale nje ya nyumba yako. Simu huanguka majini, nyumba huibiwa, diski hufa bila kuaga.

Kwenye akaunti yako, picha za zamani zisizolingana na sentensi yako zifiche kwa kuziweka kwenye hifadhi (Archive). Usizifute. Pale Instagram, picha iliyohifadhiwa hurudi ukiitaka, pamoja na maoni ya watu. Iliyofutwa, muda wake wa kurudishwa ukipita, haitarudi.

Ukipita kwenye ghala utakuta chache zinazoingia kwenye nia mpya. Ziandikie mahali na mwezi wakati bado unakumbuka, kisha ziweke kwenye folda yake.

Tahadhari. Usifute memori kadi mpaka uwe umezifungua nakala na kuziona kwa macho yako. Kuona majina ya mafaili hakutoshi.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pamoja, ujifunze maji na jua lake

Hapa ndipo kazi nyingi inapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chagua mahali unapoweza kufika bila kupanga safari: kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa bodaboda ya nauli ndogo. Raskazone, Sahare, Mwambani, au Tongoni kama unaishi upande wa kusini. Kivutio cha mbali kitakupa picha nzuri za siku moja, halafu huna nauli ya kurudi. Mahali pa karibu panakupa mfululizo, na mtazamaji hurudi kwa sababu ya mfululizo: anataka kuona ule mti, ile ngalawa, ule mkono wa bahari, leo ukoje.

### Maji

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Nusu mwezi ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Hilo kila mtoto wa pwani analijua.

Ambalo wapiga picha wengi hawaliwazi ni uhusiano wa haya na saa za mwanga. Kwetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na kufikia mwisho wa kupwa kwenye saa 4 au 5 asubuhi. Maana yake jua la bamvua linachomoza bahari ikiwa bado juu, inatoka. Ndiyo sababu mtu anakwenda asubuhi ya mwezi mpevu akitarajia mchanga mtupu, anakuta mawimbi yanagonga mizizi.

Ukitaka maji yawe yamepwa wakati jua linachomoza, nenda siku 2 au 3 baada ya nusu mwezi. Maji hayatakuwa yameenda mbali, lakini ufuko utakuwa wazi na mwanga utakuwa laini. Ukitaka yale majangwa mapana ya mchanga na nyasi za bahari yanayofunuka kwa bamvua tu, kubali mwanga wa saa 4 asubuhi, elekeza kamera chini, na upige vitu vya karibu badala ya anga.

Thibitisha kila mara kwenye jedwali. Na ukimkuta mvuvi, muulize. Yeye anajua mkondo wa mahali hapo kuliko jedwali lolote.

### Jua

Tuko karibu na ikweta, jua letu linapanda wima. Hapa Tanga linachomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12 na dakika 40 asubuhi, kutegemea mwezi. Mwanga laini unaanza dakika 20 hivi kabla ya kuchomoza na unadumu kama nusu saa baada yake. Ukifika jua likiwa limeshatoka, umekosa nusu ya kilichokutoa kitandani.

Jambo jingine: Desemba jua linachomoza kusini ya mashariki, Juni kaskazini yake. Mti uliosimama mbele ya jua mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa sita jua litakuwa kando yake kabisa. Ukirudi mahali pamoja mwaka mzima, hilo peke yake linakupa picha tofauti bila kusogeza stendi.

### Wiki mbili za kutazama

Kwa wiki 2 za kwanza nenda na daftari, na simu ibaki mfukoni. Andika saa, hali ya maji, upepo, na kitu kimoja ulichokiona. Kwa mfano: "Jumanne, saa 12:20, maji yanatoka, kusi inavuma, mililana ya nje bado imelowa hadi matawini, ngalawa mbili zimelala ubavu juu ya mirengu yao."

Chuchumaa, macho yawe usawa wa goti. Tope la mikoko maji yanapotoka lina utando mwembamba wa maji juu yake, na kwa dakika chache linabeba anga yote: mawingu, matawi, hata ndege anayepita. Kisha maji yanazama kwenye matundu ya kaa, utando unavunjika vipande vipande, na tope linarudi kuwa tope. Mchu, mmoja wa mikoko, unatoa mizizi myembamba inayochomoza wima kutoka ardhini, na samaki wadogo wanaorukaruka juu ya tope hujificha katikati yake ukikanyaga kwa nguvu, hutoka tena ukitulia. Mtu aliyesimama wima na kamera usoni havioni hivi. Picha zako bora zitatoka humo.

Tahadhari. Maji yakirudi hayaji kutoka mbele peke yake. Yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, na unajikuta kwenye fungu la mchanga lililozungukwa. Tega kengele ya simu ilie nusu saa baada ya mwisho wa kupwa, na ikilia, geuka. Usiende peke yako mahali usipopajua, na mwambie mtu unakwenda wapi.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja, bila kufungua jedwali, kama kesho alfajiri maji yatakuwa yanatoka au yanaingia.

## Hatua ya 4: Omba ruhusa na ujue mipaka

Picha ya mandhari ya pwani ina watu ndani yake. Wavuvi wanavuta nyavu, kina mama wanaokota chaza maji yakipwa, watoto wanachimba chambo. Hapo ni mahali pao pa kazi, na wewe ni mgeni hata kama umezaliwa mtaa wa pili.

Salimia kwanza, kamera ikiwa chini. "Shikamoo baba. Naomba nipige picha ya ngalawa yako na huu mwanga." Akijibu "Marahaba mwanangu, piga," mwonyeshe picha baada ya kuipiga, na kama ana simu, mtumie. Akikataa, mshukuru uondoke. Usirudi kumvizia kwa mbali. Watu wanaona, na pwani nzima itajua kabla ya adhuhuri. Kwa kina mama, omba kwa mkubwa wao, na uwe tayari kupiga mandhari bila sura za watu.

Kuna maeneo ya kuacha kabisa bila kibali: bandari, vituo vya jeshi na polisi, na miundombinu ya ulinzi. Bandari ya Tanga iko ndani ya ghuba nzuri, na kisiwa cha Toten kiko mbele yake, kwa hiyo ni rahisi kusahau. Angalia nini kimeingia kwenye fremu yako. Huko Chongoleani kwenye mradi wa bomba la mafuta, usinyanyue kamera bila ruhusa ya wahusika. Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni yana utaratibu wake wa kuingia. Ufuate, na usipande juu ya kuta wala makaburi kutafuta pembe nzuri.

Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo inayosimamia usafiri wa angani. Ushauri wangu ni uiache nyumbani kwa miezi mitatu ya kwanza. Ndege inakuonyesha mahali kwa juu kabla hujapajua kwa chini.

## Hatua ya 5: Piga kwa seti za picha tatu

Kila ukienda, lenga kurudi na seti moja yenye picha tatu: moja ya mbali inayoonyesha mahali pote, moja ya kati yenye kitu kimoja kikuu, na moja ya karibu sana. Seti inamwingiza mtazamaji hatua kwa hatua. Picha moja ya mbali, hata ikiwa nzuri, anaipita kwa kidole.

Kwa simu: futa lenzi, gusa kitu kikuu kwenye skrini, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha vuta mwanga chini kidogo hadi mawingu yaonyeshe umbo. Sehemu yenye giza unaweza kuifungua baadaye. Wingu lililoungua likawa jeupe tupu halirudi. Usikuze kwa vidole viwili. Sogea kwa miguu.

Kwa kamera: piga RAW (faili ghafi la kamera), ISO 100 ukiwa na stendi, kitundu cha f/8 kwa kuanzia, na angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini, isigonge ukuta wa kulia.

Kwa zote mbili, upeo wa macho uwe sawa. Bahari iliyoinama upande mmoja inamsumbua mtazamaji hata asipojua kinachomsumbua. Washa mistari ya gridi kwenye skrini.

Utajua umefaulu ukiziweka tatu pamoja na mtu akaona ni mahali pamoja, asubuhi moja, bila kuambiwa.

## Hatua ya 6: Ziache zilale, kisha chagua

Usiposti siku uliyopiga. Ziache siku 3 angalau. Siku ile ile bado una baridi ya alfajiri mwilini na furaha ya kuamka mapema, na unaiona furaha hiyo kwenye picha. Mtazamaji haioni.

Baada ya siku 3, zipitie haraka, kisha weka kando tatu. Ukishindwa kuchagua kati ya mbili zinazofanana, chukua ile iliyo na vitu vichache. Nyingine zibaki kwenye ghala.

## Hatua ya 7: Hariri mpaka mwenyeji apatambue

Nyoosha upeo. Kata kingo zenye vitu visivyohusika. Fungua vivuli kidogo, shusha mwanga mkali kidogo. Hapo simama, utazame.

Kosa ninaloliona zaidi ni rangi. Mtu anasukuma rangi mpaka bahari inakuwa bluu ya rangi ya ukutani na anga linawaka chungwa. Kwa anayeangalia akiwa mbali inavutia kwa sekunde moja. Kwa mtu wa Sahare, si Sahare tena. Maji yetu asubuhi ya masika ni ya kijivu na kijani yenye tope la mto, na rangi hiyo ni nzuri ukiiacha kama ilivyo. Kama nia yako ni kuonyesha mahali, rangi ya kweli ya mahali ndiyo kazi yenyewe.

Hifadhi toleo la mtandaoni kando na la asili. Liwe JPEG, rangi za sRGB, upana wa pikseli 1080 kwa Instagram, au pikseli 2048 upande mrefu kwa Facebook. Picha ya kulala huonekana nyembamba kwenye simu iliyosimama. Fremu ya 4 kwa 5 inajaza skrini zaidi. Lakini usiikate mandhari iliyohitaji upana ili tu ijae. Afadhali iwe ndogo na nzima.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi: fungua picha kwenye simu ya bei ya chini, nje, juani. Watazamaji wako wengi wataiona hivyo, wakiwa kituoni au dukani. Kama kitu kikuu hakionekani, ongeza mwanga.

Utajua umefaulu ukimwonyesha mtu anayeishi hapo, akakuambia mwenyewe ni wapi.

## Hatua ya 8: Andika maelezo yenye kitu ndani

Linganisha haya mawili.

La kwanza: "Asubuhi njema kutoka Tanga, hakuna kama nyumbani." Ni salamu nzuri, lakini ingeweza kukaa chini ya picha yoyote.

La pili: "Sahare, Tanga, saa 12:25 asubuhi, siku ya tatu baada ya nusu mwezi. Maji yamepwa na yanaanza kurudi. Mti ulio mbele ni mlilana, ndio unaotangulia baharini kuliko mikoko mingine. Tazama mstari wa tope kwenye shina: maji ya usiku yalifika hapo."

La pili linampa mtazamaji kazi ya macho. Anarudi juu kutazama mstari wa tope. Sekunde hizo chache za kurudi kutazama zina thamani kuliko laiki kumi za kupita.

Fuata mpangilio huu mpaka uuzoee: mahali, saa, hali ya maji au ya hewa, jina la kitu kimoja, na jambo moja la kutazama. Sentensi 4 au 5 zinatosha. Majina ya miti na samaki uliza wenyeji, na uhakikishe kwa mtu wa pili kabla ya kuandika. Andika kwa Kiswahili kama unaowaonyesha ni Waswahili. Usibadili lugha kwa kutarajia watu wa mbali ambao sentensi yako haikuwataja.

Tahadhari kubwa: mahali pa kuficha. Si kila mahali pa kutajwa. Kiota cha kasa kwenye fukwe za Pangani, mti wenye ndege wanaotamia, au mwamba msituni Usambara wenye yale maua madogo ya zambarau ya Saintpaulia, ambayo asili yake ni misitu yetu na mengine ya Afrika Mashariki: hapo andika "Pangani" au "Amani" tu, uishie hapo. Mtu mmoja mwenye jembe anatosha kumaliza alichokikuta.

Zima pia kurekodi mahali kwenye kamera ya simu. Faili la picha hubeba vipimo vya mahali ndani yake, na ukilituma kwa WhatsApp kama dokumenti, vipimo hivyo huenda nalo.

## Hatua ya 9: Weka akiba, kisha anza

Usiposti seti ya kwanza mpaka uwe na seti 4 zilizokamilika, zimehaririwa na kuandikiwa maelezo. Hiyo ni akiba ya mwezi mmoja. Watu wanaanza wakiwa na seti moja, mvua inanyesha wiki nzima, na mfululizo unakatika wakati mgumu kuliko wote, yaani mwanzoni.

Chagua nyumba moja ya picha zako, siku moja ya wiki na saa moja. Mtandao mmoja unaoutunza ni bora kuliko minne unayoikimbilia. Status ya WhatsApp hufa baada ya saa 24, kwa hiyo itumie kuwaita watu, si kuhifadhia kazi. Rafiki akitaka picha kamili, mtumie kama dokumenti, maana ikitumwa kwa kawaida hubanwa.

Alama za reli (hashtag) ziwe chache na za kweli: mahali, aina ya mandhari, basi. Kubandika alama nyingi zisizohusika kunakuletea akaunti za mashine na wauza mikopo.

## Hatua ya 10: Baada ya kuposti

Posti, kaa nusu saa ujibu wanaouliza, kisha funga programu. Instagram inakuruhusu kuficha hesabu ya laiki, ifiche. Badala yake, kwenye daftari lako andika kila wiki maswali ambayo watu wameuliza kuhusu mahali. "Huo mti unaitwaje?" "Hapo pana njia ya kupita na watoto?" "Mbona mwaka jana palikuwa na mikoko zaidi?" Maswali ya namna hiyo yakianza kuja, nia yako imefika. Yajibu kikamilifu, na lile zuri zaidi ligeuze kuwa seti inayofuata. Kama kwa miezi mitatu hakuna anayeuliza chochote, usibadilishe kamera wala mtandao. Rudi kwenye Hatua ya 8, maana mara nyingi maelezo ndiyo yaliyokauka.

Picha ikichukuliwa na mtu akaitumia kama yake, kumbuka kuwa hakimiliki ni yako tangu ulipoipiga, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo inayoshughulikia mambo hayo. Ushahidi wako ni faili la asili, ambalo mwizi hana, na ndiyo sababu nyingine ya zile nakala tatu. Anza kwa ujumbe wa heshima. Wengi huweka jina lako au huondoa. Kuandika jina lako kubwa katikati ya picha hakuzuii wizi, kunaharibu picha. Weka dogo pembeni au usiweke.

Ukikosa wiki moja kwa ugonjwa, safari au msiba, usiombe radhi mtandaoni wala usiposti seti mbili kwa mpigo kulipia. Chukua seti inayofuata kwenye akiba, iposti siku yako ya kawaida, kisha hesabu zilizobaki. Zikiwa chini ya 2, fungua jedwali la maji uone kesho alfajiri bahari itakuwaje.